SOMO LA VIKUNDI: AKILI MNEMBA NA NYUMBA ZETU ZA EASTLANDS

Somo hili ni la vikundi vinavyoweka akiba ili kununua ploti, vikundi vyenye nyumba za kupangisha, na vile ambavyo wanachama wake wote ni wapangaji. Ni la vikundi vya mashambani pia, kwa sababu pesa nyingi za mashambani huishia Kayole, Njiru, Ruai na Utawala, na watoto wetu wengi wanalala huko.

Mwenyekiti achague mtu wa kusoma kwa sauti, sehemu moja moja. Mwisho wa kila sehemu msimame, mzungumze. Msiharakishe. Mkilimaliza kwa mikutano miwili au mitatu, ni sawa kabisa. Tutafuata njia yetu ya kawaida: kwanza kuona, halafu kupima, halafu kutenda.

KUONA

Akili mnemba ni nini?

Vijana wanaiita AI. Redioni mtasikia akili mnemba, na wengine husema akili unde. Ni kitu kimoja.

Chukueni mfano wa keateka aliyekaa miaka 20 katika ploti moja ya Umoja. Mpangaji mpya anaposhusha vyombo, keateka anamwangalia mara moja tu na kukisia: huyu atalipa tarehe 5, yule atatusumbua. Hakusomea kazi hiyo. Amewaona wengi, basi anajua.

Akili mnemba hufanya vivyo hivyo kwa kompyuta. Hulishwa mifano mingi sana: bei za nyumba, picha, mikataba, malipo ya simu. Hutafuta mambo yanayofanana, kisha hukisia. Ukiiuliza nyumba hii ni ya bei gani, inakisia. Ukiiuliza mtu huyu atalipa kodi, inakisia. Hata ikikuandikia barua nzuri, inakisia neno linalofuata, neno moja baada ya jingine.

Lakini keateka na mashine wanatofautiana kwa mambo mawili. Keateka anajua wapangaji 40, mashine inajua mamilioni. Hapo mashine imemshinda. Jambo la pili ni hili: keateka anajua kwamba mama wa chumba namba 7 alichelewa mwezi wa tatu kwa sababu mtoto wake alilazwa hospitali, na kwamba aliporudi alilipa deni lote. Mashine inajua tu kwamba alichelewa. Inajua kile kilichoandikwa, basi. Shikeni neno hilo, kwa sababu somo lote linasimama juu yake.

Imefika wapi?

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, Wakenya wengi wamekopa kwa simu. Ni nani aliyekaa ofisini akaamua wewe upewe 500 na jirani apewe 10,000? Ni kompyuta, kwa kutazama jinsi unavyotumia simu na pesa zako. Nyumba na ardhi zinafuata njia hiyo hiyo.

Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa ramani ya majengo ya Afrika yaliyohesabiwa na kompyuta kutoka picha za setilaiti. Majengo yalikuwa zaidi ya milioni 500. Kompyuta ilitazama mabati na mapaa kutoka juu, ikachora kila moja. Hakuna aliyebisha hodi. Kwa kaunti inayotaka kujua ni nani amejenga na alipe nini, kazi kama hiyo inarahisisha mambo. Kumbukeni kwamba Nairobi ilitoza ada za ardhi kwa miaka karibu 40 kwa kutumia orodha ya thamani ya miaka ya 1980.

Ofisi ya ardhi nayo imebadilika. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, ukaanza na Nairobi. Wenyewe si akili mnemba. Ni masjala iliyoingizwa kwenye kompyuta. Lakini mara karatasi zikishaingia kwenye kompyuta, mashine inaweza kuzisoma, kuzilinganisha na kukisia bei.

Na huko mitaani? Ajenti wa Buruburu au Donholm anaweza kuiambia simu yake iandike tangazo la nyumba, ipambe picha na kuwajibu wateja usiku wakati yeye amelala. Mwenye nyumba anaweza kuiuliza atoze kodi gani. Mnunuzi anaweza kuiuliza kama ploti ya 50 kwa 100 inauzwa bei nzuri. Wote hao wanapata jibu haraka. Swali letu ni kama jibu hilo ni la kweli, na ni la faida kwa nani.

KUPIMA

Wenzetu walipata nini?

Marekani walitutangulia. Tuone mambo matatu yaliyotokea huko.

La kwanza. Kampuni ya Zillow ilitumia kompyuta kukisia bei za nyumba, kisha ikazinunua ili iuze tena. Kompyuta ilikosea, kampuni ikanunua nyumba nyingi kwa bei ya juu mno. Novemba 2021 ilitangaza kwamba inafunga biashara hiyo, na karibu robo ya wafanyakazi wake walipoteza kazi. Huko nyumba zina karatasi, bei nyingi zimeandikwa, na bado mashine ilikosea.

La pili. Agosti 2024 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya RealPage, inayouza programu ya kupendekeza kodi. Serikali ilidai kwamba wenye nyumba wengi walikuwa wakiipa programu hiyo siri zao za kodi, nayo ikawasaidia kupandisha kodi kama watu waliopatana chumbani. Kampuni ilikana. Lakini funzo ni wazi: wenye nyumba wa mtaa mzima wakiuliza mashine moja, hawana haja ya kukutana ili wakubaliane bei.

La tatu. Kampuni ya SafeRent ilikuwa ikiwapa wapangaji alama kwa kompyuta. Wapangaji waliishtaki wakisema alama hizo ziliwaumiza watu weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kilatini waliosaidiwa na serikali kulipa kodi. Mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 2 kumaliza kesi, bila kukiri kosa.

Sasa turudi nyumbani. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba katika Nairobi, familia 9 hivi kati ya 10 zinapanga. Basi mambo ya kodi na alama yakifika hapa, hayatawagusa wachache. Yatagusa karibu kila mlango wa Pipeline, Huruma na Dandora.

Eastlands mashine itasoma nini?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Tulisema mashine inajua kile kilichoandikwa tu. Haya, tujiulize: Eastlands kimeandikwa nini?

Ploti nyingi hazina hati miliki. Mtu ana cheti cha shea cha kampuni ya kununua ardhi ya miaka ya 1970. Mwingine ana barua ya ugawaji aliyopewa baba yake. Mwingine ana karatasi ya mauzo iliyopigwa muhuri na chifu. Kule Mukuru na Mathare wengi hawana karatasi yoyote, ingawa wameishi hapo tangu kuzaliwa. Kodi ya singo rumu inalipwa mkononi mwa keateka, risiti hakuna. Mwenye nyumba anamsamehe mjane nusu mwezi, hakuna anayeandika. Haya yote ni kweli, lakini kwa mashine hayapo.

Basi hatari yake ni hii. Mashine haitatuchukia wala kutupenda. Itatupita tu. Yule mwenye karatasi safi ataonekana, hata kama karatasi hiyo aliipata kwa hila. Yule aliyenunua kwa jasho lakini hana karatasi hataonekana. Dhuluma ya zamani ikiingizwa kwenye kompyuta haigeuki kuwa haki. Inakuwa dhuluma inayokwenda mbio.

Lakini ngojeni, kuna upande wa pili. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Watu wa Mukuru hawakungoja kuhesabiwa na wengine. Pamoja na Muungano wa Wanavijiji, chama kilichoanza mwaka 1996, na wataalamu waliowaunga mkono, walikwenda nyumba hadi nyumba na kuandika nani anaishi wapi, maji yanatoka wapi, choo kiko wapi. Setilaiti ilikuwa na uwezo wa kuona mabati. Haikuweza kuona kwamba chini ya bati moja kuna familia tatu. Wao waliliona, wakaliandika, na maandishi yao yakatumika katika mipango. Hiyo ndiyo nguvu ya kikundi: kuandika yale ambayo mashine haiwezi kuyaona.

Karatasi peke yake haitoshi

Wengine watasema: basi tupate karatasi, mambo yaishe. Hapana. Oktoba 2023 matingatinga yalibomoa nyumba za mamia ya familia huko Mavoko, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wamenunua ploti kwa pesa zao, na walikuwa na karatasi mkononi. Wengine walikuwa wamejenga kwa akiba ya maisha yao yote.

Aprili mwaka huo huo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilisema kwamba hati miliki peke yake si mwisho wa maneno. Ikiwa kuna shaka, mwenye hati aonyeshe ardhi ilitoka wapi na ilipitia mikono gani hadi ikamfikia. Kwa hiyo mashine ikikuambia jina lililo kwenye hati, imekujibu nusu ya swali tu.

Na bei nayo haisemi yote. Aprili 2016 jumba la kupanga liliporomoka Huruma usiku wa mvua, watu karibu 50 wakafa. Mashine inayopima jumba kwa picha na kodi ingeona vyumba vilivyojaa na pesa inayoingia kila mwezi. Isingeona msingi uliokaa kando ya mto wala saruji iliyopunguzwa.

Wezi nao wamepata fundi

Zamani mwizi wa ploti alihitaji mpiga chapa wa River Road. Leo simu inamtosha. Akili mnemba inaweza kuchora nyumba ambayo haipo, ikaweka maua mlangoni. Watu wanaombwa ada ya kuona nyumba, wanatuma, halafu simu inazimwa. Inaweza kutengeneza nakala ya hati inayofanana sana na ya kweli. Hata sauti inaweza kuigwa. Mweka hazina anapigiwa simu jioni, anasikia sauti ya mwenyekiti: "Mama, tuma ile laki mbili sasa hivi, muuzaji ana mteja mwingine." Kumbe mwenyekiti yuko jikoni kwake, hajui lolote.

Pia mashine yenyewe husema uongo bila kukusudia, tena kwa ujasiri. Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Walikuwa wamepeleka kesi zilizotajwa na ChatGPT, na kesi hizo hazijawahi kuwako. Ikiwa wakili aliyesoma amedanganywa, kikundi kiwe macho.

Je, hakuna faida?

Zipo, na tusizikatae. Mkataba wa mauzo ulioandikwa kwa Kiingereza kigumu, kijana wa kikundi anaweza kuiomba simu iueleze kwa Kiswahili, ili wanachama wajue maswali ya kumwuliza wakili. Kikundi chenye vyumba 10 kinaweza kusaidiwa kupanga hesabu ya kodi, stima na maji. Mpangaji anaweza kulinganisha kodi za Kariobangi na za Komarock kabla ya kuhama, nauli ya matatu ikiwa ndani ya hesabu. Mashine ni kama jembe, shamba lenyewe bado ni lako kulilima. Lakini msiandike humo namba za vitambulisho, namba za siri wala majina ya wanachama.

KUTENDA

Tunapendekeza hatua hizi saba. Zipitieni moja moja, na katibu aandike mliyokubaliana.

1. Fungueni daftari la ploti. Kila ploti au nyumba ya kikundi iwe na kurasa zake: ilinunuliwa lini, kwa nani, kwa pesa ngapi, risiti zipi, mashahidi ni nani, majirani wa pande zote nne ni nani, bikoni ziko wapi. Pigeni picha za kurasa zote. Nakala zikae mahali patatu, si kwa mtu mmoja tu.

2. Fanyeni sachi wenyewe. Msipokee karatasi ya sachi kutoka mkononi mwa muuzaji, hata ikiwa na muhuri. Kwa ardhi ya Nairobi iliyosajiliwa, tumieni Ardhisasa. Kwa Machakos, Kajiado au Kiambu, ulizeni masjala ya ardhi ya huko. Halafu mwulize muuzaji: na wewe uliipata kwa nani? Na yule aliipata kwa nani? Anayekasirika akiulizwa hivyo, mwacheni na ploti yake.

3. Nendeni kwa miguu. Watu watatu au wanne waende, siku mbili tofauti, wakiwa na mpimaji wao. Waongee na majirani, mama mboga wa njiani na mzee wa kijiji. Mashine haijui kwamba hapo palikuwa njia ya maji machafu, au kwamba kuna kesi. Mama mboga anajua.

4. Wekeni sheria ya pesa. Hakuna shilingi inayotoka kwa sauti ya simu, hata kama sauti ni ya mwenyekiti. Mweka hazina akate simu, apige mwenyewe kwa namba aliyo nayo siku zote. Waweka sahihi wakutane uso kwa uso. Malipo yawe yamekubaliwa kwenye mkutano na kuandikwa.

5. Mkataba uwe wa kweli. Sheria yetu inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe umeandikwa, umetiwa sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Tafuteni wakili wenu, asiwe wa muuzaji. Ajenti naye awe amesajiliwa na bodi ya maajenti. Mwombeni namba yake mwulize huko.

6. Wapangaji, wekeni ushahidi. Ukilipa keateka mkononi, dai risiti, hata ya daftari. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Na ukinyimwa nyumba au mkopo kwa sababu ya kompyuta, uliza sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa jambo kubwa na mashine peke yake. Unaweza kudai uamuzi uangaliwe tena, na ukikataliwa, malalamiko yapelekwe kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

7. Wenye nyumba, amueni kama watu. Ikiwa kikundi chenu kinapangisha, msipandishe kodi kwa sababu programu imesema. Kaeni chini. Hesabuni gharama. Waiteni wapangaji muwasikilize. Mpangaji aliyekaa miaka 8 akilipa ni mali ambayo programu haiwezi kuihesabu.

Jambo la mwisho katika kutenda: chagueni watu wawili wafanye kazi hii pamoja, kijana mmoja na mzee mmoja. Kijana anajua simu. Mzee anajua ardhi ilivyogawanywa, nani aliuza mara mbili, na nani alikufa bila kuacha wosia. Wakifanya kazi peke yao, wote wawili watadanganywa. Wakikaa meza moja, mwizi atapata kazi ngumu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mashine ikitazama kikundi chetu leo, itaona nini kimeandikwa? Ni kitu gani tunachokijua sote lakini hakiko kwenye karatasi?

2. Karatasi zetu za ploti ziko wapi sasa hivi? Mwenye kuzishika akiugua kesho, nani ataziona?

3. Ajenti ametuletea picha za nyumba nzuri Utawala na bei nafuu, na anataka amana kabla ya jioni. Tutafanya nini kwanza, na nani atafanya?

4. Katika mtaa au kijiji chetu, nani atapata faida kompyuta ikianza kupanga kodi na bei? Nani ataumia? Sisi tuko upande gani?

5. Kuna mpangaji au jirani ambaye mashine ingemwita mbaya, lakini sisi tunajua ni mtu mwema? Tunawezaje kumsimamia?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila mwanachama aje na karatasi moja ya ardhi au nyumba, ya kwake au ya wazazi wake, iwe risiti, barua, shea au hati. Asiye nayo aje na majina ya watu wawili wanaoijua historia ya mahali anapoishi. Katibu afungue daftari na kuanza kuandika siku hiyo hiyo.